Lenzi Iliyovunjika Shingo

Niliikuta sokoni Kikula, hapa Likasi, juu ya gunia lililotandikwa chini, kati ya kufuli lisilo na ufunguo na sufuria zilizotoboka. Ilikuwa miaka ile baada ya uporaji, askari na raia walipovunja maduka na ofisi, na sokoni kuliweza kutokea chochote: leo mashine ya kupigia chapa, kesho kiti cha daktari wa meno. Aliyeuliza kimetoka wapi alionekana mgeni. Mama aliyeuza vitu hivyo alikuwa na sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara akaja.

“Mama, hii ni nini?” nikamwuliza.

“Ni lunette ya kuangalia mbali,” akasema. “Shingo yake tu njo ilivunjikaka. Lakini nilifunga na kauchu, sasa iko muzuri.”

Kweli alikuwa ameifunga kwa utepe wa mpira wa tairi la baiskeli, akazungusha na kuzungusha mpaka ikafanana na kidole chenye jeraha. Nikaigeuza nyuma. Pale nikaona vile vimeno vya chuma vinavyoshika kwenye kamera, na vilikuwa vya aina ya kamera yangu. Nikatazama pembeni kana kwamba natafuta vitunguu, maana mtu akionyesha furaha sokoni amekwisha. Tulibishana mpaka wote wawili tukachoka, mwisho tukabadilishana: yeye akachukua pasi yangu ya makaa, mimi nikachukua lunette yake mbovu. Kwa muda mrefu nilitembea na nguo zenye mikunjo, na wala sikujali.

Mimi ni mpiga picha, na baba yangu alikuwa mpiga picha kabla yangu. Studio yetu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, Kikula hapo hapo, na baba alipofariki nilibaki nayo peke yangu, mwanamke asiye na mume na mwenye kichwa kigumu, kama majirani walivyopenda kunikumbusha. Kazi ilikuwa imepungua sana. Viwanda vilikuwa vinazima kimoja kimoja, mishahara haikuja, na watu walipiga picha kwa ubatizo, harusi na matanga tu. Filamu nilizitafuta kama mtu anavyotafuta dawa ya mtoto. Kwa hiyo kununua lenzi iliyovunjika wakati ule ulikuwa wazimu, na ninasema hivyo kwa furaha, kwa sababu ni wazimu ulionilipa.

Nilipofika nyumbani niliukata ule mpira kwa wembe. Shingo ikalegea, lenzi ikainama mbele kama mtu anayesinzia kanisani. Kwanza niliogopa. Halafu nikaona kando yake mistari midogo na namba, na skrubu mbili, moja kila upande. Nikazungusha skrubu moja, lenzi ikainuka taratibu mpaka ikafika kwenye sifuri, na hapo ikalia: tak! Nikaiinamisha tena, nikairudisha: tak! Kitu kilichovunjika hakijui sifuri yake iko wapi. Skrubu ya pili ilifanya jambo la ajabu zaidi: lenzi haikuinama, ilipanda tu, nzima, kama droo inayovutwa kuelekea juu.

Hapo nikamkumbuka baba. Zamani, mimi nikiwa msichana, injinia mmoja mzungu alikuwa akimletea filamu za majengo ya kiwanda azisafishe. Katika picha zile mabomba ya moshi yalisimama wima kabisa, na baba aliziangalia huku akikuna kichwa. Sisi wapiga picha wa kawaida, ukitaka kuingiza bomba lote unainua kamera juu, na ukiinua kamera, bomba linalala kinyumenyume. Baba aliamini mpaka kufa kwamba yule injinia alikuwa na ngazi ndefu sana. Kumbe hakuwa na ngazi yoyote. Alikuwa na kitu kama hiki nilichokishika.

Nikaiweka lenzi kwenye kamera, kamera juu ya meza mlangoni, nikachungulia. Kwanza upana wake ulinishtua: barabara yote iliingia, na mifereji ya pande zote mbili, na mbuzi wa watu. Nyumba ya mbele yetu ilikatika paa. Sikuigusa kamera. Nikazungusha ile skrubu ya kupandisha, na, naapa, paa likaanza kushuka lenyewe kuingia ndani ya picha: kwanza ukingo wa bati, halafu bati lote, halafu mawe yaliyolizuia lisipeperuke, halafu anga. Kuta zilibaki zimesimama wima, hazikuyumba hata kidogo. Nilipiga kelele. Nilizungusha kushusha, nikazungusha kupandisha, nikacheka peke yangu. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na siku ile nilikuwa ushahidi wa methali.

Kelele zangu zilimleta mke wa jirani yangu mwashi, ambaye mtaani tulimwita masson. Mikono yake ilikuwa na unga wa muhogo. Nikamwambia achungulie, nikamzungushia skrubu.

“Yo! Nyumba iko nashuka!” akasema, akaondoa jicho, akaiangalia nyumba yenyewe kuhakikisha ipo, akachungulia tena. “Rudisha juu. Rudisha! Wee, uko na fanya bulozi mu mwangaza ya Mungu?”

“Si uchawi, mama. Ni skrubu.”

“Njo bulozi ya bazungu ile,” akasema, na akataka nimrudishie tena. Unga ukabaki kwenye kamera yangu kutwa nzima.

Filamu ya kwanza niliiharibu karibu yote. Nilipandisha lenzi kwanza, ndipo nikasoma kipima mwanga cha kamera, na kipima mwanga kikanidanganya bila haya. Picha zikatoka kama zilizochovywa kwenye maziwa. Nilikasirika, nikapiga teke ndoo, kisha nikatulia nikafikiri: lenzi ikihama mahali pake, mwanga unaingia kwa ubavu, na kamera haijui. Basi pima mwanga kwanza, lenzi ikiwa kwenye sifuri, ndipo uihamishe. Hakuna aliyeniambia, na kwa hiyo nilijiona profesa.

Ile skrubu ya kuinamisha ilikuwa na wazimu wake. Niliipeleka sokoni asubuhi moja, nikaweka kamera chini karibu na meza za nyanya, nikainamisha lenzi mbele kidogo tu. Nyanya iliyokuwa karibu na pua yangu ilionekana wazi mpaka tone la maji lililokuwa juu yake, na nyanya za mwisho kabisa, kule wanakouza ndakala, vile visamaki vikavu, zilionekana wazi vile vile. Soko zima lilitandikwa kama mkeka, hakuna hata fungu lililofifia. Lakini kilichosimama juu ya mkeka ule kilifutika, na mama mwenye nyanya alipoona picha yake alinijia juu.

“Nyanya yangu inaonekana kuliko minye mwenyewe? Kichwa yangu iko wapi? Ni moshi!”

Nilimpigia nyingine, ya kawaida, wima, na viatu. Maana kwetu Likasi kuna sheria ya picha isiyoandikwa popote: humkati mtu miguu. Mtu ameazima viatu kwa shemeji yake, amevipaka rangi mpaka vinang'aa, halafu wewe umwachie magoti! Picha ya kukatwa miguu ni tusi. Wapo walioirudisha kwa baba na kumwuliza kama aliwahi kuwaona wakitembea kwa mapaja.

Sasa nimzungumzie yule jirani, kwa sababu lenzi ile, bila mimi kujua, ilikuwa imekuja kwa ajili yake. Alikuwa fundi mwashi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita masson. Alitoka mkoa wa Kasai kijana kabisa kuja huku Katanga kutafuta kazi, akaoa mwanamke wa kabila lake aliyezaliwa hapa hapa Likasi, akazaa watoto ambao hawakujua hata Kasai iko upande gani. Nusu ya nyumba za mtaa wetu ni mkono wake. Nyumba yake mwenyewe aliijenga mwisho, polepole, tofali kwa tofali, na aliipenda waziwazi: ukipita jioni ungemkuta amesimama kando ya kona ya ukuta, jicho moja amelifumba, akiangalia kama bado umenyooka. Kama vile ungeweza kupinda wakati wa chakula cha mchana.

Mtoto wake alipopata komunyo ya kwanza niliwapiga picha mbele ya nyumba hiyo kwa lenzi yangu ya zamani, kabla sijapata ile ya sokoni. Mbele yake kulikuwa na uchochoro mwembamba na ukuta wa jirani, hakuna pa kurudi nyuma. Nikainua kamera ili nipate paa. Nyumba ikatoka imeegemea nyuma. Masson aliitazama ile picha, akanirudishia.

“Nyumba yangu haikunywaka lutuku,” akasema, na lutuku ni ile pombe kali inayopikwa nyuma ya nyumba. Hakuitundika.

Kisha ukaja ule msimu mbaya. Watu wa asili ya Kasai waliambiwa kwamba hapa si kwao, warudi kwao. Waliambiwa redioni, waliambiwa kazini, halafu waliambiwa milangoni na vijana wenye fimbo. Mimi wazazi wangu ni wa huku, wa upande wa mto Lufira, kwa hiyo mlangoni kwangu hakuna aliyegonga. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Familia zikaanza kuhamia stesheni na mizigo yao kusubiri treni, na masson alijua kwamba zamu yake inakuja.

Alikuja studio mchana, akakaa kwenye kiti cha wateja, kofia mkononi.

“Mwanangu,” akasema, “nilisikia uko na kamera yenye haiangushake nyumba.”

“Iko, tata,” nikamjibu, kama mtu anavyomwita baba.

“Mama yangu eko muzima, kule. Miaka yote alikuwa nasema: uko nakula feza yako mu Katanga, haujengake hata kiota. Kila muntu mwenye kurudi anamwambia, mama, mutoto wako alijenga. Hasadiki. Sasa minye nitafika na mukono tupu. Nitamuonyesha nini? Nitafika sawa muntu mwenye hakukuwaka.”

Mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Alisema hivyo bila kulia, na mimi ndiye niliyelazimika kutazama dari. Nikamwambia kesho asubuhi, kabla jua halijapanda sana. Ndani yangu mambo mawili yaligombana: huzuni, ndiyo, na pia hamu kali ya kuipima lenzi ile pale ambapo lenzi nyingine ilishindwa. Sikuweza kuzitenganisha, na sijui kama zilihitaji kutenganishwa.

Asubuhi niliwakuta wamevaa. Vitanda na meza vilikuwa vimeuzwa, ndani mlikuwa mtupu hata sauti zilirudi, lakini mama, mke wa masson, alikuwa amefagia uchochoro na kufungua milango na madirisha yote, nyumba ionekane inakaliwa. Nilibana mgongo kwenye ukuta wa jirani mpaka blauzi ikawa nyekundu kwa vumbi la tofali. Stendi yangu ya kamera ilikuwa na mguu mbovu. Masson akaitoa, akaleta kichanja anachosimamia wakati wa kupiga lipu, akaiweka kamera juu yake. Nikamweleza siri yote: kamera isiangalie juu wala chini, ikae sawasawa kabisa, ndipo kuta zitasimama.

Akanitazama kama mtu aliyekutana na ndugu. Akaingia ndani, akarudi na pimamaji yake, ile ya mbao yenye kipovu. Kila kitu kingine kilikuwa kimeuzwa au kufungwa, lakini vyombo vya kazi alikuwa amevibakiza juu. Akailaza juu ya kamera yangu, akaweka kipande cha karatasi chini ya mguu wa kichanja, akakitoa, akaweka chembamba zaidi. Kipovu kikatulia katikati.

“Sasa haiko nalala,” akasema.

Nikapima mwanga kwanza. Nikazungusha skrubu. Paa likaanza kushuka, bati kwa bati, na kuta pande zote mbili zilisimama kama zilivyojengwa. Nilitaka kuimba. Nikazungusha tena, nipate na anga kidogo juu ya paa, na hapo mama, ambaye alikuwa ananijua, akauliza kwa ukali:

“Na miguu yetu?”

Miguu ilikuwa imetoka. Furaha ya paa ilinisahaulisha sheria ya mji. Ukipandisha lenzi unapata juu na unapoteza chini, hakuna cha bure. Nikashusha, paa likakatika. Nikapandisha, viatu vikaondoka. Jua lilikuwa linapanda, na filamu iliyokuwamo ndani ilikuwa ya mwisho. Masson alikuja kuchungulia mwenyewe, akatafakari, kisha akawageukia watu wake.

“Mupande ku barza. Bote. Na watoto.”

Wakapanda kwenye baraza, na viatu vyao vikapanda pamoja nao, vikaingia kwenye picha, kila kidole. Rahisi hivyo! Nilicheka, watoto wakacheka, hata mama akacheka huku akimkanya mdogo wao asifumbe macho. Masson alisimama kando ya kona ya ukuta wake, kofia kifuani. Nikapiga, na nikapiga tena, mpaka filamu ikagoma.

Ikabaki kungoja umeme. Kutoka bwawa la Mwadingusha mpaka kwenye taa yangu kulikuwa na nyaya nyingi na wezi wengi, na bila umeme mashine yangu ya kukuzia picha ni mzigo tu. Masson na familia walihamia stesheni, wakalala juu ya mizigo yao pamoja na wengine, na kila siku walisema treni ni kesho. Mimi nilikaa studio na dawa zangu nimeshazichanganya, nikiitazama taa kama mgonjwa anavyotazama mlango. Asubuhi moja mtaa mzima ukalia kwa pamoja, “Kuran!”, umeme umerudi, na nikaruka hata kiti kikaanguka.

Karatasi iliingia kwenye sinia ya dawa ikiwa nyeupe. Kuta ndizo zilizotokea kwanza, mistari miwili myeusi, halafu mlango, halafu paa lote mpaka kileleni, halafu watu, na mwisho kabisa viatu. Nimepiga picha nyingi maishani, na hakuna iliyonifanya nirukeruke gizani peke yangu kama ile. Nilikimbia nayo ikiwa na maji, nimeishika kwa pembe mbili, kupitia Kikula yote mpaka stesheni, na kila aliyenisimamisha nilimwambia, pisha.

Masson hakuipokea mara moja. Alifuta mikono. Akamwambia mke wake aishike wima mbele ya kifua, imara, kisha akafungua mfuko wake wa kazi akatoa timazi: uzi na kipande chake cha risasi. Akauacha uzi uning'inie juu ya picha, ukanesa, ukatulia. Uzi ulifunika kona ya nyumba kutoka kwenye paa mpaka chini, haukuonekana ukuta ukitokeza kushoto wala kulia. Akahamia kona ya pili. Huko pia. Watu wa mizigo ya jirani walikuwa wamesimama kuangalia.

“Voilà,” akasema. “Njo nyumba yangu ile.”

Halafu akacheka, kicheko kikubwa ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akanishika mabega akanitikisa, na wale watu wakapiga makofi kana kwamba ni harusi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa sababu ya mahali tulipokuwa. Aliilaza picha kati ya vipande viwili vya triplai, ile mbao nyembamba, akavifunga kwa kamba. Treni ilikuja, mabehewa ya mizigo, watu ndani na watu juu. Yeye alipanda akiwa ameikumbatia ile triplai, vyombo vya kazi mgongoni.

Nyumba haikukaa tupu hata wiki. Waliingia watu nisiowajua, wakakoka moto sebuleni, dari ikawa nyeusi. Tangu hapo nilipita njia nyingine.

Miezi ikapita bila habari. Kisha siku moja nikaitwa parokiani, kwamba kuna mtu ananitafuta kwenye phonie, ile redio ambayo mmoja akizungumza mwingine hunyamaza, mpaka aambiwe “à toi” au “à vous”, yaani sasa ni zamu yako. Nilikuta watu wamekaa kwenye benchi wanasubiri zao. Sauti ilitoka ndani ya upepo na mikwaruzo, lakini niliijua: masson.

Alisema walifika. Mtoto mmoja aliugua njiani, sasa amepona. Akasema mama yake ni mzee sana, lakini macho bado yanaona, na picha aliipeleka nje kwenye mwanga, akaiangalia asubuhi nzima, akahesabu madirisha kwa kidole, akawaita majirani waje waone.

“Alisadiki, mwanangu. Alisadiki kabisa. Alisema: mutoto wangu, ulijenga.” Mikwaruzo ikameza maneno, ikayarudisha. “Alafu akaniuliza: nyumba muzuri vile, sasa ni nani eko nalala mule? Ananiuliza kila siku. Nijibu nini? À toi.”

Padri mwenye phonie akanionyesha kitufe cha kubonyeza. Watu wa kwenye benchi walikuwa wananitazama, na redio ikaendelea kuvuma, ikingoja. Nikabonyeza.

“Tata,” nikasema, “kuta ziko sawa. Umwambie mama kuta zote ziko sawa. À vous.”